Pwani ya Kale Katika Shamba la Bi Zena

Watoto wa mtaani kwangu hapa Bagamoyo huniuliza nilifanya kazi gani kabla sijastaafu. Zamani nilikuwa nikiwajibu kwamba nilikuwa mpima ardhi. Wakisikia hivyo walikuwa wakiwaza vigingi na ugomvi wa mipaka, wanaondoka zao. Siku hizi nawaambia nilikuwa kinyozi. Hapo wanakaa. Nawaeleza kwamba nilikuwa nainyoa nchi: naondoa kwenye picha miti, migomba, nyumba na nyasi, nabakiza ngozi ya ardhi peke yake, kisha naitazama ina makovu gani na iliyapata wapi.

Ninyi mnaoanza kazi hii sasa mnajua kwamba nazungumzia leza. Lakini nimegundua kwamba wengi mnaweza kuiendesha mashine bila kuweza kumweleza mama yenu inafanya nini, na huo ni upungufu, kwa sababu kila mara mtapita kwenye shamba la mama wa mtu. Mimi huwaambia watu waingie kwenye banda lililoezekwa makuti saa sita mchana. Hata makuti yawe mazuri namna gani, sakafuni utaona vidoa vya jua. Mwanga mwingi umezuiwa juu, kidogo umepata upenyo ukafika chini. Mashine yetu, iwe kwenye ndege ndogo au droni, hutupa chini vipande vya mwanga kwa wingi usiohesabika na kupima kila kimoja kimechukua muda gani kurudi. Vingi hugonga majani. Vichache hupenya hadi kwenye udongo. Ukiviacha vya majani na kukusanya vile vya udongo tu, unapata umbo la ardhi iliyo chini ya pori, kana kwamba pori halipo. Kazi yote ya leza ni kutenganisha makuti na vidoa vya sakafuni. Na makosa yote ya leza yako hapo hapo.

Mimi sikuanza na leza. Nilianza na mnyororo, darubini ya miguu mitatu, na fimbo ndefu iliyochorwa vipimo, chini ya mtu aliyeitwa Mzee Hatibu, kiongozi wa kikosi chetu. Alikuwa mtu wa maneno machache na chai nyingi. Sharti lake kubwa lilikuwa kwamba kipimo kikigoma kisifutwe. "Kiweke kando," alikuwa akisema, "kesho ukiulize kwa nini kiligoma."

Siku moja tulikuwa tunavuta mstari wa usawa upande wa Miono, na kipimo kimoja kikawa kinabadilika. Nikisoma darubini napata hivi, nikisoma tena napata vingine, na kila mara ardhi inaonekana imeshuka kidogo. Nilitaka kuchukua wastani niendelee, maana jua lilikuwa kali. Mzee Hatibu alikataa, akatembea hadi kwa mshika fimbo wetu, mtu mnene mpole wa kutoka huko huko. Akamkuta amesimama juu ya tanuri la zamani la mkaa lililoota nyasi, na anazama polepole kama mchi kwenye kinu. Majivu yalikuwa yamemfika juu ya vifundo vya miguu. Mzee Hatibu akamuuliza kama hakuona kwamba anazama. Yule bwana akajibu kwa utulivu, "Nimeona, mzee. Lakini niliambiwa nisimame, sikuambiwa nisizame."

Nimelitumia jibu hilo katika kazi zangu zote. Mashine nazo zina tabia hiyo. Zinafanya ulichoziambia, na zinazama kimya.

Leza ilipokuja, wengi wetu tulilewa uzuri wa picha zake. Kijana wa ofisini kwetu, Fadhili, ambaye ndiye alikuwa akichuja data kwenye kompyuta, alinijia asubuhi moja akiwa hajanywa hata chai. Kwenye picha ya Fukayosi alikuwa ameona vilima vidogo vya mviringo, vingi, vimepangwa kwa nafasi zinazokaribia kulingana, msituni kabisa. Alikuwa na hakika ni makaburi ya kale au misingi ya mji uliosahaulika. Nami nilisisimka, sitaki kumtwika lawama yeye peke yake. Tukaenda, tukakata njia kwa panga, jasho likitutiririka. Tulikuta vichuguu. Vichuguu vikubwa, vya heshima, vimepeana nafasi kama majirani wasiopendana. Mama mmoja wa pale, aliyekuwa akitoka kuokota kuni, alituuliza tumepotelewa na nini. Fadhili akamweleza kwa adabu kuhusu leza na droni. Mama yule akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza kama Bagamoyo mchwa wameisha.

Nawaambia haya ili mjue kwamba picha ya leza haikuambii kitu ni nini. Inakuambia kitu kiko wapi na kina umbo gani. Kuhusu ni nini, lazima miguu yako iende.

Lakini ukienda, pwani yetu hii inasimulia. Ukiinyoa nchi kuanzia kaskazini ya Dar es Salaam hadi kwenye mdomo wa Ruvu, unaona mistari inayokwenda sambamba na ufuko, mmoja nyuma ya mwingine, kama mikunjo ya kanga iliyokunjwa vizuri. Hayo ni matuta ya mchanga, na kila tuta lilikuwa ufuko wa bahari kwa zamu yake. Unaona ngazi za mwamba wa matumbawe zilizobaki nchi kavu, kwa sababu bahari ilisimama juu zaidi maelfu mengi ya miaka iliyopita, ikajenga miamba yake, ikaondoka. Unaona mito iliyokufa, imejipindapinda chini ya mihogo ya watu ambao hawajui kwamba wanalima mtoni. Kwa macho ya kawaida ni tambarare tu. Tofauti ya kimo ni ndogo, mara nyingine haimfikii mtu kiunoni, na pori huificha. Leza huifichua.

Kazi ya Mapinga ilikuja katika miaka yangu ya mwisho. Viwanja vilikuwa vikiuzwa haraka, watu wa mjini wanajenga, na kila aliyejenga alikuwa amemsukumia jirani maji yake ya mvua. Tukatakiwa kupima eneo lote kati ya barabara na bahari ili ijulikane mitaro ipite wapi. Tulirusha droni wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimelala. Hili mlishike: ukirusha wakati nyasi zimesimama, nusu ya vidoa vyako vitakuwa vya nyasi. Tena jihadharini na kunguru. Kunguru wa huku hawapendi mgeni anayeruka bila kupiga mabawa, na wawili walitupigia droni hadi ikatua juu ya paa la msikiti, ikabidi kuazima ngazi na kuomba radhi.

Mvua za masika zilipoanza nikarudi Mapinga kutembea kwa miguu na kulinganisha picha na ardhi. Ndipo nilipokutana na Bi Zena. Alikuwa mama wa makamo ya mama yangu mdogo, mwembamba, anapalilia kunde kwenye ukingo wa shamba ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa pori. Pande zote mbili kulikuwa na kuta za matofali za viwanja vipya. Shamba lake lilikuwa limebaki katikati kama jino la mwisho.

Nilipiga hodi, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza hali, nyumba na safari, kisha akauliza jambo alilokuwa nalo moyoni tangu aione droni.

"Hicho chombo chenu kinaona chini ya udongo?"

Nikamwambia hapana, kinaona sura ya juu tu.

"Basi kwangu hakina kazi," akasema, na akainama kuendelea kupalilia. Baada ya magugu machache akasimama tena, akanieleza.

Mumewe, Mzee Athumani, fundi cherehani, alikuwa amefariki katika masika yaliyotangulia. Makaburi ya pale yako bondeni. Kaburi lilipochimbwa likaingia maji. Wanaume wakayachota kwa ndoo huku jeneza likisubiri, na kila walipochota yakarudi. Mwisho ilibidi wazike, maana jua lilikuwa linakwenda. Mwanawe, Rajabu, ndiye aliyeshuka kumpokea baba yake. Wanawake kwetu hawaendi kaburini, kwa hiyo Bi Zena hakuona. Lakini aliiona kanzu ya Rajabu aliporudi. Ilikuwa imelowa tope hadi kiunoni. Aliichukua akaifua mwenyewe.

Tangu siku hiyo alitaka shamba lake liwe wakfu, liwe makaburi ya watu wa pale, wazikwe pakavu. Rajabu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto na alikuwa na nyumba isiyokwisha, na dalali mmoja, Chande, alikuwa tayari kulikata shamba lile viwanja. Lakini Rajabu alimwahidi mama yake jambo moja: ardhi ikikubali kaburi zuri, yeye atanyamaza. Ikikataa, wauze. Na Chande alitaka jibu Ijumaa baada ya sala.

Kikwazo kilikuwa udongo. Kaburi letu si shimo tu. Chini kabisa, ubavuni upande wa kibla, huchongwa nafasi inayoitwa mwanandani, na humo ndimo maiti hulazwa. Lazima udongo ukubali kuchongeka, na ukishachongwa usimame. Kamati ya msikiti ilikuwa imejaribu mara mbili. Chini ya shamba, upande wa bahari, walikuta mchanga, kuta zikamwagika kabla hawajafika magotini. Wakapita kando ya pori, wakapanda hadi mahali pa juu kabisa, kwa akili njema, kwamba pa juu ndipo pakavu. Jembe likagonga mwamba. Nyuma ya hapo ni pori zito la miiba, na kila mtu aliamini mwamba unaendelea.

"Mimi sijali kufa," Bi Zena akaniambia. "Ila sitaki kuogelea. Na yule marehemu naye hakujua kuogelea, maskini."

Nikarudi ofisini, nikafungua picha ya Mapinga. Kitu cha kwanza nilichokiona kilinisikitisha. Makaburi ya bondeni yalikuwa yamekaa sawasawa ndani ya mpindo wa mto mfu, mkono wa mto ulioziba zamani sana. Juu ni kavu, masika yakija maji yanakumbuka njia yake. Kitu cha pili kilinisikitisha zaidi. Shamba la Bi Zena lilionekana mteremko mmoja laini, kuanzia nyuma ya pori hadi chini mchangani, bila kituo. Ikiwa kileleni ni mwamba na chini ni mchanga, mteremko kama huo hauna nafasi ya kitu kingine. Nilikuwa na jibu la Ijumaa, na lilikuwa jibu la Chande.

Lakini ule mteremko ulikuwa laini mno. Ardhi ya kweli ina mikwaruzo. Laini namna ile huonekana pale ambapo mashine haikuwa na nukta za kutosha, yaani vile vidoa vya sakafuni, ikanyoosha mstari yenyewe kutoka hapa hadi pale. Nikamkumbuka Mzee Hatibu na vipimo vilivyogoma. Nikamwomba Fadhili afungue jalala.

Jalala ndilo jina tulilolipa fungu la nukta ambazo programu imezikataa: miti, nguzo za umeme, magari, kuta, paa. Wengi wenu hamlifungui kamwe. Fadhili akalifungua, na ndani ya shamba la Bi Zena kukawa na msururu wa nukta nyingi, zimesimama wima, zimepinda kama upinde.

"Hayo ni majengo, Bi Saida," akasema.

"Majengo ya nani? Pale hakuna hata banda la kuku."

Akavuta picha nyuma ili tuone eneo lote. Upinde ule haukuishia kwa Bi Zena. Ulipita chini ya viwanja vya jirani, ukapotea, ukaibuka tena mbele, sambamba na ufuko wa leo. Hakuna mtu aliyewahi kujenga ukuta wa namna hiyo. Ulijengwa na bahari.

Tulikuwa tumeiagiza programu iondoe kila kinachoinuka ghafla kama ukuta, kwa sababu Mapinga imejaa kuta za viwanja. Tukaipima kwenye viwanja, ikafanya vizuri. Ilipofika kwenye genge, ile ngazi ya mwamba ya pwani ya kale, ikaona ukuta mwingine, ikautupa, ikaziba pengo kwa mteremko. Niliambiwa nisimame, sikuambiwa nisizame.

Fadhili alirudisha nukta zile kwa mkono, eneo kwa eneo, akilalamika kwa sauti ya chini kuhusu waandishi wa programu. Mchana picha ikabadilika. Sasa kulikuwa na mchanga chini, kisha genge fupi lililosimama wima, kisha juu yake ukanda mwembamba wa mwamba ulioinuka kama ukingo wa ungo. Na nyuma ya ukingo huo, chini ya pori la miiba, ardhi ilishuka kidogo, ikawa uwanda tulivu usiofanana na mwamba wala mchanga, na wenye mwelekeo wa kumwaga maji kuelekea kando, mbali na bonde. Mwamba wa matumbawe una tabia hiyo: mgongo wake huwa mgumu, nyuma yake palikuwa na maji matulivu ambamo udongo ulituama. Wale wazee wa kamati walikuwa wamechimba juu ya ukingo wenyewe. Wangesogea hatua kadhaa tu nyuma, wangeufikia huo uwanda.

Hata hivyo nilikuwa nimeshafunzwa na vichuguu vya Fukayosi. Sikumpa Bi Zena ahadi. Nilimwambia kuna mahali pa kujaribu.

Siku mbili kabla ya Ijumaa tulikusanyika shambani: Bi Zena, Rajabu, imamu, na Mzee Kondo, mchimba makaburi wa pale, mtu wa mikono mikubwa na maneno ya uchokozi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na ilikuwa imepumzika. Vijana walifyeka miiba, na genge likatokea, refu kumzidi mtu kidogo, limefunikwa na mimea itambaayo. Chini yake palikuwa na mfuo ulioingia ndani ya jiwe, mahali ambapo mawimbi yalikuwa yakiuma. Kulikuwa na makombe ndani ya jiwe. Bi Zena alipitisha kiganja kwenye ule mfuo. Alikuwa amelima hapo maisha yake yote ya ndoa na hakuwahi kulifikia.

"Bahari ilifika hapa?"

"Ilifika, ikakaa, ikarudi."

"Na ikija tena?"

"Si katika zamu yako wala yangu, mama."

"Basi hayo ya wengine," akasema.

Tukapanda juu, tukavuka ukingo. Nikapanyooshea kidole. Mzee Kondo akashika jembe, akanitazama.

"Ikiwa ni jiwe, bibi mpimaji, utashuka ulichonge wewe kwa hiyo taa yako."

Haikuwa jiwe. Ulikuwa udongo mwekundu, wenye mchanga kidogo ndani, unaokatika kama boga lililoiva. Walichimba kwa zamu hadi kimo cha kaburi. Mzee Kondo mwenyewe akachonga mwanandani, akaukung'uta ukuta wake kwa ngumi. Ulisimama. Imamu akasema alhamdulillahi kwa sauti ya chini. Rajabu alikuwa akitazama chini shimoni.

Nikawa sina budi kuwaambia kwamba bado. Ukuta umekubali, maji hatujayajua. Kaburi la baba yake lilionekana zuri lilipoanza kuchimbwa. Ili tujue, shimo liachwe wazi hadi kesho, wakati mawingu yamejaa vile.

Hapo ndipo kazi ilipokwama. Mzee Kondo alikataa kata kata. Katika miaka yake yote hajawahi kuacha kaburi lililokamilika bila mtu. Kaburi tupu linaita, alisema, na yeye ndiye linayemjua kwa sauti. Imamu akamwambia jambo hilo halimo katika dini. Mzee Kondo akajibu kwamba anajua halimo, na bado haliachi. Vijana waliokuwa wamechimba walikuwa wameshaanza kurudi nyuma, na mmoja alikuwa amekwishachukua koleo ili afukie. Nilikuwa na hoja zote za kitaalamu na hakuna hata moja iliyofaa. Likifukiwa, Ijumaa inafika bila jibu, na Rajabu atashika neno lake, auze.

Bi Zena akasogea ukingoni, akatazama ndani kwa makini, kama anayetazama chumba cha kupanga.

"Liacheni wazi," akasema. "Hilo ni langu. Kaburi lenye mwenyewe halina haja ya kuita mtu. Na mwenyewe hana haraka."

Mzee Kondo alimtazama, kisha akamtazama imamu, kisha akacheka hadi akakaa chini. Walifunika juu kwa matawi ili ng'ombe wasidondoke, wakaacha mvua ipate njia.

Ilinyesha hiyo mvua. Niliisikia juu ya bati usiku mzima, na sikumbuki kama nimewahi kuifuatilia mvua nyingine kwa moyo namna ile. Kesho yake barabara ya kuelekea bondeni ilikuwa mto. Shambani kwa Bi Zena niliwakuta wenzangu wamekwishafika. Rajabu akaondoa matawi, hakungoja mtu. Akashuka mwenyewe. Tulimwona amechutama, anapapasa chini, anaingiza mkono ndani ya mwanandani hadi begani. Alikaa humo zaidi ya ilivyohitajika kupima unyevu. Alipopanda alituonyesha viganja. Vilikuwa vyekundu, na alipovisugua udongo ukapukutika.

"Pakavu, mama," akasema.

Akasogea kando, akampigia Chande simu. Hakungoja Ijumaa.

Mzee Kondo alilifukia shimo siku hiyo hiyo, akapanga mawe ya matumbawe pembeni ili lijulikane kwamba lina mwenyewe. Kazi ya mitaro nayo ilikwisha, na mitaro mingine tuliihamisha kwa sababu ya genge lile lile. Mimi nikastaafu. Fadhili bado yuko kazini, na nasikia amewawekea wageni wote wa ofisini sharti: hakuna ramani inayotoka kabla jalala halijafunguliwa.

Masika ya mwaka uliofuata nilikwenda Mapinga kumtembelea Bi Zena na kumpelekea picha ya shamba lake, niliyoichapisha kubwa, ukingo wa mwamba unaonekana vizuri. Tulikuwa barazani kwake, Rajabu akiwa nasi, tunabishana kama lile doa ni nyumba yake au ya jirani, mara Chande akaingia uani. Sikuwa nimewahi kumwona. Alikuwa mtu mfupi, amevaa kikofia, na alibaki amesimama hata alipokaribishwa. Alikuwa amehamia Mapinga, kwenye mojawapo ya viwanja alivyovikata mwenyewe. Mama yake aliyekuwa akiishi naye alikuwa amefariki asubuhi ile. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri na bondeni kumejaa. Makaburi ya shambani yalikuwa bado hayajafunguliwa, hakuna aliyezikwa, kamati ilikuwa ikisubiri uzio. Akaanza kusema kwamba anajua yeye si mtu wa kuomba hapo. Hakumaliza.

Bi Zena alimpa pole, akamtaja marehemu kwa jina, kisha akamgeukia Rajabu.

"Mwambie Kondo ampe langu. Lilishajaribiwa."

Mvua ilikatika adhuhuri. Sisi wanawake tulikaa msibani kwa Chande, kwenye mikeka, wengine wakisoma, wengine wakisimulia habari za marehemu. Baada ya alasiri wanaume wakaanza kurudi kutoka kuzika. Bi Zena alikuwa amekaa karibu na mlango na hakuwa akisikiliza mtu yeyote. Rajabu alipofika kizingitini kumsalimu, mama yake hakumtazama usoni. Alishika pindo la kanzu yake, akaligeuza upande mmoja na upande wa pili. Lilikuwa na udongo mwekundu chini, kipande kidogo tu. Akalipangusa kwa kiganja, mara moja, mara mbili, udongo ukaanguka sakafuni, kanzu ikabaki nyeupe.

Akaliachia. Kisha akaniinamia sikioni.

"Sasa itabidi unipimie jingine," akasema. "Lakini taratibu, Bi Saida. Sina haraka."